Mgeni Aliyenipa Jembe

Shemeji Khatib kaileta kutoka Maskati
imeviringishwa kwenye kikoi: fimbo, vipande vitatu, sahani,
na kijitabu cha maandishi ya Kichina
chenye picha ya mzungu anayecheka shimoni.
Nikaunga, nikakaza skrubu, nikatia betri nne,
nikatoka nayo, Piki nzima ikinitazama.

Siku ya kwanza ilinigundua mimi.
Kila nikigeuka, tii!
Nikachimba mbele ya mlango, nikachimba penye banda la kuku,
nikachimba njiani watu wanapopita,
hadi magharibi, viganja vimechubuka,
ndipo nikakumbuka ufunguo mfukoni
na bizimu ya mkanda.

Siku ya pili nikavua vyote, nikabaki na shuka na imani.
Nikaipandisha masikio hadi mwisho:
ikalilia kila kitu, kama mtoto wa harusini aliyekosa usingizi.
Kumbe udongo wetu mwekundu nao una chuma chake.
Naulima miaka arobaini,
sijapata kuusikia ukisema neno.
Nikaishusha masikio: bubu.
Shaame akapita na baiskeli:
"Wafagia, au watafuta majini?"
Nafagia, nikamjibu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu, ya tatu, alinipa jembe mimi.

Nikampeleka sakafuni, walipokuwa wakianika karafuu,
wachumaji wakipanga foleni jioni, wakilipwa kwa pishi,
na kilichodondoka gizani kikalala papo hapo.
Misumari kumi na saba.
Vizibo vya soda. Vizibo. Vizibo.
Jino la reki. Betri ya redio iliyooza.
Karatasi ya biskuti, inang'ara kama bibi harusi.

Mama yangu, Bi Mize, alikaa kizingitini,
macho yamezibwa na mtoto wa jicho,
masikio wazi.
Siku ya tano akaanza:
"Huo msumari. Usijisumbue."
Nikachimba kwa ukaidi. Msumari.
"Kizibo."
Kizibo.
"Huo unaburura mkia. Kopo."
Kopo la samaki, siafu wamehamia.
Mimi nakodolea mshale kwenye kioo;
yeye anasikiliza tu,
kama atikisavyo nazi kabla ya kuinunua.

Basi nikaacha mshale, nikafumba macho nami.
Msumari hukohoa.
Kizibo hupayuka kama fedha, ukikirudia hukana.
Karatasi hunong'ona pande zote.
Na upo mlio mmoja mfupi, wa mviringo,
uje kutoka kushoto, uje kutoka kulia, hausogei.
Huo niliungoja siku kumi na moja.

"Hiyo," akasema mama,
na kwa mara ya kwanza hakutaja jina.

Shubiri moja chini:
senti kumi, ile yenye tundu katikati,
kijani kwa kutu, nyepesi kuliko nilivyodhani.
Nikamtia kiganjani. Akapitisha ukucha tunduni.
Alipokuwa na miaka tisa aliangusha kama hii,
ujira wa kutwa nzima mtini,
akarudishwa na kibatari aitafute,
na alfajiri ikamkuta bado amepiga magoti.
Nikangoja alie. Au acheke.
"Siyo," akasema. "Yangu ilikuwa na mkwaruzo.
Mauwa aliitia kisu, akidai yake."
Akaniuliza kama nimefunga kuku.

Asubuhi haikuwepo rafuni.
Nikatafuta chini ya taa, ndani ya kikombe,
nikawasingizia watoto wa Haroub.
Nikambeba mgeni wangu, nikatoka,
na pale kizingitini, sahani ikipita karibu na magoti ya mama,
mlio mfupi, wa mviringo,
kwenye pindo la kanga.

Tukanyamaza wote watatu.

"Huo," akasema, "msumari.
Usijisumbue."