Dole la Dorsila

Usiku wa Diwali mwezi huwa haupo.
Mzee Vrajlal husema umekwenda kukopa mwanga
na sisi ndio wadhamini wake.

Kutwa majivu ya miwa yalituangukia,
walikuwa wakichoma shamba upande wa Koru,
na kila Kasturben alipomaliza ua la unga mlangoni,
jeupe, jekundu, rangi ya bizari,
unyoya mweusi ulishuka ukatua katikati.
Hakuufuta. "Hata ua la kweli lina mdudu wake."

Mimi ni karani. Miaka thelathini na mmoja
napima misumari, nakata mabati, napokea matusi ya bei.
Jumapili niko Anglikana, benchi la nyuma.
Lakini usiku huu mmoja navua viatu
nakaa sakafuni mbele ya daftari jipya,
jalada jekundu, limewekewa jani la tambuu,
sarafu na chembe za mchele,
utadhani bwana harusi.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
hilo nililijua kabla sijaja Muhoroni.
Sikujua kwamba daftari nalo huombewa.

"Zamani," Kasturben husema akimimina samli,
"mwana wa mfalme alirudi kwao kutoka msituni
baada ya miaka kumi na minne,
na mji mzima ukawasha taa
asije akaupita mlango wake gizani."
Kisha hunyamaza. Wanawe wako Lesta.
Miaka kumi na minne ilishatimia, ikaongezewa riba.

Mlango tunauacha wazi, Lakshmi asihangaike kubisha hodi.
Mwaka wangu wa kwanza nilikesha na rungu, nikingoja mwizi.
Aliyeingia ni mbuzi wa fundi viatu,
akala shada la maua.

Mwaka huu mtoto wa jicho amemfunika mzee macho yote.
Akanipa kalamu. "Andika wewe. Heri. Halafu faida.
Usianze na faida."
Kigujarati sijui kukiandika. Nikaandika Kiswahili,
herufi kubwa, mkono ukitetema.

"Sasa nisomee la zamani."
Opondo, mabati sita. Mwalimu Kirui, saruji.
Kasisi, rangi ya mlango; hapo alicheka.
Wengine walihamia daftari jipya,
wengine walisamehewa kwa kikohozi:
akikohoa, napiga mstari.

Nikafika kwa Dorsila Achola, mfinyanzi wa Nyakach.
Sufuria moja, jembe moja.
Hakujua kuandika. Alibonyeza dole gumba,
wino wa zambarau.
Nikasema, "Huyu tulimzika Mei."

Mzee hakukohoa.
"Na taa za mwaka jana, zile hamsini, nilimlipa?"
Nikafunua. Nikafunua tena.
Mvua ya milima ya Nandi ikaanza kujaribu bati, tone moja moja.
Hatukumlipa.

Akanyoosha mkono, akachukua taa isiyowashwa bado,
ya mwaka jana hiyohiyo, tuliyoiosha tukaianika,
akaipindua, akapapasa kitako chake
kama apapasavyo sarafu asiyoiamini.
"Hapa."
Nikaisogeza kwenye mwanga wa jirani yake.
Dole gumba, lilelile, mistari ileile ikizunguka,
limebonyea katika udongo kabla haujaingia motoni.
Nikapindua ya pili. Ya tatu.
Zote alikuwa ametia saini,
na sisi tuliwasha juu yake bila kusoma.

Basi ukurasa wa kwanza wa mwaka wetu uko hivi:
Heri. Faida. Na chini, upande wa wanaotudai,
Dorsila Achola, taa hamsini,
ondoa jembe, ondoa sufuria.
Salio ni la binti yake. Nitalipeleka Jumatatu kwa baiskeli.

Mvua ilipochachamaa tuliziingiza taa ndani,
zikajaa kaunta yote, hadi kwenye sahani za mizani,
na duka la misumari likawaka.
Mlango tukauacha wazi.

Asubuhi ua la unga halikuwepo.
Majivu nayo hayakuwepo.
Mbuzi alikuwepo.