Nani Aliunga Hapa?

Kwenye skrini hana jina. Ni namba arobaini na moja
kati ya wazee mia na ishirini wa Katuba, Kenya na Kamalondo,
waliolala kimya ndani ya bomba la sumaku
ili tuchore njia za bongo zao:
nyekundu zivukazo kushoto na kulia,
kijani za mbele na nyuma,
buluu zipandazo kutoka uti wa mgongo.
Kompyuta haimjui.
Mimi namjua. Nimelelewa na kichwa hiki.

Miaka thelathini na moja Kapend, baba yangu,
aliunga nyaya za simu za kampuni.
Alishuka mashimoni chini ya barabara za Lubumbashi,
jozi mia nne ndani ya kebo nene kama paja,
akitaja rangi kama anayehesabu watoto wake wakilala:
buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu.
Mvua ya Desemba ikipenya kwenye maungio
sauti zilipotea njia: mke wa injinia
alisikia bei ya mahindi kutoka Kasumbalesa,
na baba akagongewa mlango usiku.

Siku hizi ananiita Mwad.
Mwad ni mama. Yuko makaburini mwaka wa sita.
Anamaliza bukari, ananawa, anauliza tunakula saa ngapi.
Juzi tulimkuta kando ya njia ya reli, koleo mkononi,
akitafuta kebo iliyoibwa zamani,
ikayeyushwa, ikauzwa kwa kilo.

Basi nilivunja kanuni.
Nilimkalisha mbele ya picha
bila kumwambia ni ya nani.

Akavaa miwani. Akanyamaza sana.
"Kazi safi," akasema. "Huyu fundi alikuwa na muda."
Kisha kidole chake, kile kisicho na ncha,
kikateremka pembeni, usawa wa sikio,
pale uzi wa kijani unapokonda
na kuishia katikati ya safari,
pale pale nilipoduwaa jana saa nzima
na kalamu yangu haikuandika kitu.
"Nani aliunga hapa?
Hapa pameingia maji."

Kwenye daftari la utafiti nafasi hiyo hujazwa asilimia.
Nikamuuliza: tufanyeje, baba?

"Usikate. Fundi mvivu ndiye hukata.
Unakaa upande huu na simu yako,
mwenzako anakaa ng'ambo, sikio wazi.
Unasema neno moja. Hilo hilo.
Unalirudia hata koo likauke,
hadi akujibu: nasikia.
Kwa mbali, lakini nasikia."

Nje mabati yalianza kupigwa na mvua.
Nikavuta kiti, magoti yetu yakagusana.
"Baba," nikasema.

Akainamisha kichwa, kama zamani
akiwa na kipokezi begani.

"Mwad," akasema, "sema tena."