Sina Mkono wa Kushoto

Usianze na bisibisi. Anza na maji.
Sufuria ndogo, ile iliyoungua mpini,
maji yakaribie kuchemka, yasichemke,
umzamishe roboti kifudifudi, uhesabu hadi arobaini.
Plastiki ikilainika huachia yenyewe.
Ukimvuta angali baridi, kishikizo cha bega hukatika,
na bega lililokatika halina dawa:
hata gundi ya fundi viatu wa Mbuyuni
hushika siku mbili, ya tatu inakuaibisha.

Nanunua kwa kilo, Kiboriloni,
jioni, wenye mabelo wanapokung'uta
kilichobaki chini ya nguo:
dubu, viatu visivyo na wenzake, na hawa wangu,
mashujaa waliotupwa na watoto nisiowajua.
Mmoja kaandikwa jina nyayoni kwa kalamu ya wino,
herufi nisizoweza kuzisoma.
Nilimfungua kama wengine.
Nyayo nikaziweka peke yake.

Uvunguni mwa kitanda, hapa Pasua,
vichwa vimo kwenye kopo la Blue Band,
magurudumu kwenye trei za mayai,
springi nimezisokomeza kwenye soksi ya Gadieli
maana springi ikiruka usiku huioni tena.
Skrubu nazipima kwa ukucha wangu.
Mikono ya kulia tele, sijui kwa nini.
Ya kushoto adimu.
Na adimu kuliko vyote, vifuniko vya betri:
mtoto hupoteza kifuniko kwanza,
mama yake akafunga kwa selotepu,
selotepu ikazeeka na gundi yake na vumbi lake,
mimi nikaja kuikwangua kwa mafuta ya taa.

Jirani yangu Mama Ndeshi alichungulia siku moja
akaona vichwa sitini vinamtazama.
"Aikande, biashara hii ina jini."
Kesho yake akaja kuomba gurudumu
la gari la mjukuu wake. Sikumtoza.

Mteja wangu mkubwa ni mtu mzima na akili zake.
Bwana Kiwelu, mhasibu, shati limenyooka.
Huja saa kumi na moja jioni, huegesha mbali,
hufungua leso mezani kama mwenye pete ya uchumba.
Ndani: roboti wa kijani, toleo la zamani,
kakamilika mpaka upanga, mpaka kigao cha goti,
ila bega la kushoto ni tundu.
Wenzake sita wako kabatini, nyuma ya mafaili.
Mke wake anajua ni risiti.
Miaka mitatu ananiuliza.
Miaka mitatu namjibu: sina.

Ninao.
Uko juu ya kabati la vyombo, kwa roboti mzima,
wa pekee nyumba hii asiyeyajua maji yangu.
Kidole gumba kina alama za meno manne.
Gadieli alikuwa anaota meno, halali, halazwi,
akitafuna kile kidole mpaka alfajiri
na mate yakimtiririka hadi kitovuni.
Sasa yuko Geita, mgodini, ana ndevu,
hupiga simu Jumapili mtandao ukimruhusu.
Meno yale yaling'oka yote.
Tuliyarusha juu ya paa, moja moja,
tukimwomba panya atuletee mapya.

Leo Bwana Kiwelu ametaja bei.
Mabati manane, kwa hesabu yangu ya haraka,
na paa lenyewe ni lile lile,
masika hii limenitia beseni tatu sebuleni.

Nikasema, ngoja nitazame.
Nikabandika sufuria.
Nikapanda kigoda, nikamshusha, nikampangusa vumbi,
nikapitisha kucha yangu kwenye vishimo vya meno.
Maji yakaanza kuimba.
Nikahesabu hadi arobaini. Nikahesabu tena.

Kisha nikatia majani na sukari,
nikamrudisha mwenyewe mahali pake,
nikampelekea mgeni kikombe.
"Sina," nikamwambia. "Pitia tena baada ya masika."

Chai ilikuwa na harufu ya plastiki kidogo.
Akainywa yote.