Msimbo wa Theluji

Jumanne saa kumi na moja alfajiri simu ikalia:
ofisi za kaunti zimefungwa, kaeni majumbani.
Theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango wangu,
na ziwa, lile linalojidai bahari, halikuonekana;
lilinguruma tu, huko chini ya weupe.

Siku tatu. Leo Ijumaa barabara zimekwanguliwa,
watu wamerudi na mashavu mekundu na masimulizi,
nami Marlys Haugen, karani wa mishahara, Duluth,
nina fomu mia na arobaini na sita mezani
na mwongozo unaosema: aliyetarajiwa kazini
aandikiwe sifuri-saba, alipwe.
Aliyekuwa likizoni tayari, abaki likizoni,
siku zake zikatwe kama kawaida.
Kanuni hiyo niliwahi kuitetea mkutanoni. Nilisimama kabisa.

Gerald Stavig wa Upimaji Ardhi ameandika saa nane,
kila siku nane, "nilifanyia kazi nyumbani."
Kompyuta yake imelala hapa tangu Jumatatu,
imefunikwa sweta lake la kijani.
Nimechora duara, nikamrudishia. Sikuandika neno.

Arvo Kinnunen wa boila
aliingia zamu Jumatatu saa nne usiku
na wa kumpokea hakufika
hadi Jumatano saa tano asubuhi.
Saa thelathini na saba. Hakuna bomba lililopasuka.
Pembeni ameongeza kwa penseli, herufi za kubanana:
*toa mbili, nilisinzia.*
Sikutoa. Kifutio ninacho.

Pa Houa Vang hana fomu.
Huja jioni na ndoo yake, huletwa na kampuni,
na kampuni haimlipi mtu kwa theluji.
Jana usiku aliniuliza, akifunga mfuko wa taka,
kama siku zile zina msimbo kwa upande wake.
Nikasema sijui.
Kujua, najua.

Kisha hii ya Verna Defoe.
Likizo ya msiba, Jumanne hadi Alhamisi, ya kumzika mama.
Hawakumzika. Njia ya kwenda Cloquet haikuwepo,
mchungaji amekwama, waliokodiwa kuchimba wamekwama,
na marehemu kwenye jokofu la hospitali, anangoja kama sisi.
Mazishi sasa ni Jumanne ijayo
na siku zake tatu zimeliwa.
Amezitumia dirishani.

Nikapiga simu.
"Verna, Jumanne ile, kabla ya theluji,
hukuwa umebadili mawazo? Hukupanga kuja kazini?"
Kimya. Nikasikia birika likichemka kwake.
"Marlys, unaniuliza nini?"
"Nauliza kama ulipanga kuja kazini."
Birika likaondolewa jikoni.
"Mama alikaa kiwanda cha karatasi miaka thelathini na moja," akasema,
"na hakuwahi kudanganya hata robo saa.
Niandikie ilivyokuwa."

Nikamwandikia ilivyokuwa.
Kalamu ilikuwa nzito kama koleo.

Halafu nikafungua droo ya chini,
zinapokaa fomu ambazo hakuna anayeziomba,
nikapata ile ya kumhamishia mwenzio likizo yako.
Ninazo siku kumi na tisa. Nilikuwa naziweka
kwa ajili ya safari ya Bergen, kwa shangazi asiyenikumbuka tena.
Idadi: tatu.
Uhusiano na mpokeaji: dawati lake linatazamana na langu.
Sababu.
Hapo nilikaa muda.
Nje gari la chumvi lilipita likinyunyiza, likarudi tena.
Nikaandika: theluji,
nikatia sahihi kabla mkono haujaniuliza,

na Gerald kasimama mlangoni, fomu mkononi,
ananiuliza duara hili maana yake nini.