Namba Saba

Kijitabu hiki nilikiandika mimi,
enzi zile nilipokuwa na magoti.
"Dakika hamsini," nilisema, "kwa mwendo wa pole."
Leo nimeingia lango la bustani saa tatu asubuhi
na saa tano imenikuta bado kwenye mawaridi.

Halmashauri wanataka toleo jipya.
"Pita tu, Lorna, ukague, usahihishe.
Maduka yamehama kidogo."
Kidogo!
Kana kwamba Christchurch ni meza
uliyoisogeza ili ufagie chini yake.

Namba moja ipo: mwaloni,
kiuno chake kimefungwa chuma, kama mimi na mkanda wa daktari.
Namba mbili, banda la vioo, joto lilelile la jikoni.
Kijana anamwagilia kangaga, sikio moja liko kwenye raga.
Jina lake Tamati,
ingawa ziara ndiyo kwanza inaanza.
"Benchi lako tumelihamisha, mama. Mizizi ililisukuma."
Naandika: benchi, hatua thelathini kusini.
Raha iliyoje, kosa lenye tiba.

Aprili huku ni mwezi wa miti kuvua.
Majani yanaanguka juu ya bata
na bata hawana habari.
Mto ni mwembamba, unapinda na kupinda
kama mtu anayekwepa mdai wake;
niliuandikia sentensi tatu za sifa,
mbili nimezifuta leo, nilikuwa najionyesha.

Kisha daraja, kisha Mtaa wa Cashel,
tramu inagonga kengele, watu wananibeba na mifuko yao.
Namba tano sasa wanauza simu.
Namba sita, maji ya matunda kwa bei ya kiatu.

Namba saba.

*Duka la vifungo la Bernice Tulloch. Ingia
hata kama koti lako halijapoteza kitu.*
Ndivyo nilivyoandika.
Droo mia tatu na kumi na mbili:
mfupa, shaba, lulu,
plastiki iliyojifanya pembe.
Alikushonea koti likiwa mwilini,
akikukataza kupumua.

Sasa ni changarawe, magari kumi na tisa
na mashine ya kulipia.
Hakufa, maana hilo ndilo swali la kila mtu.
Mchana ule wa Februari alikuwa ametoka kununua pai.
Alirudi na pai.
Anaishi Timaru kwa mwanawe
na kadi zangu za Krismasi hajibu.

"Samahani, namba saba iko wapi?"
Msichana, lafudhi ya Invercargill,
mkononi kijitabu changu, toleo la kale,
kakiokota kwenye droo ya hoteli.
Koti la kijani. Kifungo cha tatu hakipo,
uzi unaning'inia.
Amepita maduka yote yale mapya yanayong'aa
akinifuata mimi, akiniamini mimi.

Nikaonyesha changarawe kwa kidole.
Sikuwa na la kuongeza.
Naye, badala ya kunipa pole, akainama,
akaanza kupekua kokoto kwa ncha ya kiatu.
Nikainama pia, magoti yakalia kama mlango.
Mwenye gari jekundu akatungoja,
kisha akapiga honi.
Tulipata kizibo cha bia.
Tukacheka hadi akashika mashine ya kulipia asianguke.

Usiku huu, mezani, miguu ndani ya beseni,
nimeandika upya. Mhariri atafuta, namjua,
atasema wageni hawaji kutazama maegesho.
Na aje afute.

*7. Changarawe. Palikuwa na vifungo. Usiruke.*

Na kule juu, penye "dakika hamsini,"
nimekata mstari,
nikaacha nafasi tupu kwa penseli.
Njoo na koti.