Kibao cha Mbuke

Mlango Mmoja, Mbuke wa mitumba
anataka kibao cha Kiingereza.
Mimi nachora, kila herufi mia tano.

"Chipu," nikasema.
Akakunja uso:
"Hilo huambiwa mwanamke ukitaka kumtukana."

"Seli?"
"Mume wangu alilala humo siku tatu.
Nani ataingia kwa hiari?"

Basi afodabo: neno la Capripoint,
limefunga tai,
kwa tahajia ya wenyewe herufi kumi.
Akahesabu vidoleni.
"Elfu tano! Na blauzi yangu elfu moja?"

Kwetu rahisi ni rahisi,
kununua na kutenda, neno lile lile.

Akautwaa ubao mtupu, akaukalia,
sauti ikashuka hadi ziwani:
"Buku! Buku! Chagua buku!"

Hakunilipa.
Nikanunua shati.