Nani Hufagia Hapa

Saa mbili kasorobo, mlangoni pa hoteli, Nyali,
namngoja mgeni mmoja.
Wenzake wameghairi: tumbo, jua, kamba wa jana.
Karatasi yasema ziara ya siku moja, magofu na vijiji,
chakula ndani ya bei, maji chupa mbili.
Yasema Eulalia Mamani, wa Peru.
Mwanamke mfupi, kofia nzito kwa joto hili,
atokaye milima ya juu mno, ambako, aniambia,
mtu hupanda ngazi kwa kukopa pumzi.

Tukavuka daraja la Mtwapa.
Nikaanza hotuba yangu niliyoihifadhi kama juzuu:
Jumba la Mtwana, mabibi na mabwana
(bwana hakuna, bibi ni huyu mmoja),
mji wa matumbawe na chokaa na boriti za mkoko,
miaka mia sita na ushei.
Huu msikiti. Hiki kisima. Hapa palikuwa choo.
Hapo wageni hucheka.
Yeye hakucheka.

Aliuendea ukuta, akaulaza shavu.
Akatia ukucha penye maungio.
"Kwetu," akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza
kilichokutana na changu cha hotelini,
"jiwe hukaa juu ya jiwe bila chokaa.
Hupenyezi hata wembe.
Wazee waliyasugua mpaka yakazoeana."
Nikatazama chokaa yetu, imemeguka,
kuna mjusi kajipatia chumba.
Nikaona haya kidogo, sijui kwa niaba ya nani.

Nikangoja lile swali.
Kila mgeni huliuliza akifika makaburini:
Walikwenda wapi?
Jibu ninalo, limepigwa pasi:
labda visima viliingia chumvi,
labda vita,
labda biashara ilihama.
Labda tatu kwa bei moja.

Lakini Eulalia alikuwa ameinama, anaangalia mchanga,
mistari yake myembamba, kama nywele zilizotoka kuchanwa.
"Nani hufagia hapa?"

Miaka kumi na mmoja ya kazi hii.
Beji kifuani, Shekuwe, mwongoza watalii.
Sikuwa na jibu.

"Ni mimi," akasema Kadzo wa dirisha la tiketi,
fagio la chelewa kwapani.
"Alfajiri. Naanzia msikitini narudi kinyumenyume,
nisikanyage nilipokwisha fagia."
Unalipwa kwa hilo?
"Nalipwa kukata tiketi."

Eulalia akafungua soda,
funda la kwanza akalimwaga chini.
Mimi nilitaka kusema: siafu, mama.
Kadzo akasogeza ndala yake pembeni, basi,
kama afanyavyo bibi yake kule Kaloleni
akiwamiminia koma mnazi wao.
Wakatazamana kama watu waliowahi kugombania bei
kwenye gulio moja.

Kijijini, mchana, tukala wali wa nazi.
Wanawake walikuwa wakishona makuti.
Mgeni akatoa mkobani kijiti na fungu la sufi ya mnyama,
akakizungusha, uzi ukashuka.
Watoto wakapiga kelele: pia! pia!
Mshona makuti mmoja akautazama ule uzi
muda mrefu kuliko adabu,
akaomba aushike.

Jioni nikamshusha. Akanipa mkono wenye vigaga.
Nikapitia Majengo kwa shangazi Mwanamize.
Nyumba yetu ya Kibokoni iliuzwa mwaka juzi,
imezungushiwa mabati, yangoja nyundo.
Na kila asubuhi shangazi huenda kwa miguu
kufagia baraza lake.
Tumemwambia: si yetu tena.
Husema, vumbi halijasoma hati.

Nilimkuta kajilaza, redio yazungumza peke yake.
Fagio limeegemea mlango, kamba imelegea,
chelewa zatoka moja moja.
Nikakaa sakafuni nikalifunga upya,
nikakaza kwa meno.
Hakuniuliza nimetoka wapi.